Namba Kumi na Moja ya Ijumaa

Ijumaa, 30 Julai 1982

Funga ya sita za Shawwal, siku ya pili. Habiba ndiye aliyeamua nifunge. Anasema Ramadhani sikufunga, nililala tu. Kweli kidogo. Tumbo langu hili, ambalo serikali imelinunulia mikanda kwa miaka ishirini na sita, leo lilinguruma kaunta nzima ikasikia. Konstebo Ouma akaniuliza, Sajini, umefuga nini ndani ya shati? Mjinga yule.

Saa sita kasoro akaja Oduor wa Nyamasaria, yule wa Jeshi la Wanahewa. Fundi wa magurudumu ya ndege — anasema mwenyewe hajawahi kupanda hata moja. Alikuja na dada yake Seline. Mama yao wamemzika jana. Likizo yake inaisha kesho, na yeye ndiye mtoto wa kwanza: wazee wamemkataza kuondoka kabla ya kunyolewa, na kunyolewa ni Jumapili. Basi anaomba kituo kiandike kwamba ameripoti, na tuwatumie wakubwa wake ujumbe kwa redio kwamba atachelewa siku tatu. Ndio utaratibu. Askari wa jeshi akikwama nyumbani, polisi wa karibu ndiye shahidi wake.

"Mzee Badru, mwandikie vizuri," Seline akasema. "Wakubwa wake hao wanahesabu hata kukohoa."

Nikamwambia mwandiko wangu hauna mfano Nyanza nzima. Ndiyo sababu sijapandishwa cheo — mwenye mwandiko mzuri huachwa kaunta mpaka azeeke. Wakacheka. Watu wa matanga wakicheka unajisikia umefanya kazi.

Saa ya swala ikafika. Nikagonga muhuri kwenye pasi yake ya likizo, nikaandika pembeni "OB 11/30.7.82", nikatia sahihi yangu ile ambayo hakuna aliyewahi kuisoma. Kwenye kitabu cha OB, kile cha matukio ya kila siku, nikaweka namba 11 na kuacha mstari. Nitajaza nikirudi msikitini. Ndiyo desturi yangu ya Ijumaa: namba kwanza, habari baada ya swala. Inspekta Mutiso anaijua, huwa anatikisa kichwa tu.

Nilivyorudi — lori la miwa limepinduka Mamboleo! Mtaa mzima ulikuwa pale unatafuna ushahidi. Nimeshinda huko mpaka magharibi. Nimefuturu kama mtu aliyetoka jela.

Jumapili, 1 Agosti 1982

Sijui niandike nini. Redio asubuhi: sauti ya mtu nisiyemjua, anasema serikali imepinduliwa. Halafu muziki. Halafu yeye tena. Habiba aliacha omena jikoni wakaungua, na Habiba haunguzi kitu.

Mtaa wetu wa Kaloleni kimya. Hata majirani wanaogombana kila Jumapili leo wamepatana.

Ouma alinifuata kwa baiskeli. Kituoni nikapewa bunduki ambayo nadhani imenizidi umri. Inspekta alikuwa amevaa viatu bila soksi. Amri ya saa tatu: kaeni chonjo. Amri ya saa nne: msifanye lolote. Tukakaa chonjo bila kufanya lolote; kazi hiyo naijua.

Mchana redio ikabadilika. Jeshi la nchi kavu limerudisha mambo. Waliopindua ni wanahewa.

Wanahewa. Kuna jambo nimelisahau na silioni ni lipi.

Jumatatu, 2 Agosti 1982

Nimelikumbuka.

Niandike taratibu. Asubuhi jeshi limekuja, Landrova mbili na lori. Mkubwa wao ni Luteni Nakhungu, mrefu, anaongea polepole kama mwalimu wa hesabu. Kaja na barua: kuanzia leo polisi na jeshi watafanya kazi pamoja. Polisi wanajua nyumba, jeshi wana bunduki — hayo ni maelezo ya Inspekta. Wamechukua meza yetu ya chai, tunakunywa tumesimama kama punda. Nikamwambia Ouma, ushirikiano umeanza, na umeanza na sukari yetu. Nilikuwa bado na mzaha saa hiyo.

Kila mwanahewa aliye likizo ajisalimishe kituo cha karibu, redio imetangaza. Saa nne Oduor akaja mwenyewe kwa miguu, Seline nyuma yake amebeba shuka. Kichwa chake kimenyolewa kinang'aa.

Koplo mmoja wa jeshi akapiga kelele: huyu kabadilisha sura! Kabla sijaweka kikombe chini, Oduor alishalazwa kifudifudi, buti mgongoni.

"Ni matanga, yawa!" Seline akalia. "Mama amekufa! Muulizeni Mzee Badru!"

Luteni akasema kwao pia watu hunyoa wakifiwa, mwinueni. Oduor akasimama, vumbi mdomoni, akatoa pasi. Luteni akaisoma mbele na nyuma. Akaridhika, niliona. Akasema, kama namba hii iko kwenye kitabu, huyu bwana atalala kwake leo.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mstari. Ujumbe wa redio sikutuma. Lori la miwa!

Kitabu kikafunguliwa mbele yetu sote. Namba kumi: mbuzi amepotea. Namba kumi na mbili: lori la miwa. Katikati namba kumi na moja na weupe mtupu.

Luteni hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya ule weupe, akatia sahihi ili asije mtu akajaza. Akasema askari ambaye siku mbili kabla ya mapinduzi anajitengenezea pasi ya uongo, huyo si wa kulala kwake. Halafu akauliza: muhuri huu nani anautunza?

Inspekta Mutiso akajibu haraka mno. "Hukaa hapa kaunta, Afande. Tukigeuka mtu yeyote anaweza kuuchukua. Si ndiyo, Sajini?"

Wote wakanitazama. Oduor pia. Yeye hakuwa na wasiwasi hata kidogo, alikuwa ananingoja.

Nikasema: "Ndiyo, Afande. Hukaa kaunta."

Ni kweli, hukaa kaunta. Sikusema uongo hata neno moja.

Oduor akaambiwa avue mkanda na viatu. Seline alibaki ameshika shuka, ananiangalia mdomo wazi.

Jumanne, 3 Agosti 1982

Inspekta ameniita ofisini, akafunga mlango na dirisha. Ananiita Mzee Badru akitaka kitu, Sajini akiwa hataki.

"Mzee Badru, umebakiza miezi minane ustaafu. Kuacha mstari ni kosa la nidhamu, hilo ningelimaliza mimi mwenyewe. Lakini kumpa mwanahewa pasi Ijumaa ile, halafu Jumapili yakatokea yaliyotokea — unajua jeshi wataliitaje?"

Nikasema najua.

"Wataliita njama. Na njama haina mtu mmoja. Itakuwa wewe, halafu mimi niliyekuachia ufanye desturi zako."

Nikamuuliza na Oduor je. Akasema Oduor ni mtu wa jeshi, jeshi wana taratibu zao. Halafu akaangalia kalenda, na ilikuwa bado ya Julai.

Kambi yake huko Nairobi wameandika kwamba alitakiwa kuripoti Jumamosi, na ujumbe wa kuchelewa hawakuupata. Kwa hiyo Luteni sasa anaamini aliripoti, akashiriki, akatoroka akarudi kwao, akanyoa. Kila kitu kimepangika vizuri. Habari ya uongo imekaa sawa kuliko ya kweli, kwa sababu ya kweli haikuandikwa na mwenye mwandiko mzuri.

Habiba ameniuliza mbona sili. Nikasema sita. Akasema leo sikuamka daku, sita gani hiyo? Nikala.

Jumatano, 4 Agosti 1982

Msako wa pamoja Nyamasaria. Mimi ndiye niliyechaguliwa kuonyesha nyumba. Nani mwingine! Nilikaa mbele na Luteni, askari wanane nyuma.

Boma la kina Oduor bado lina watu wa matanga. Walivyoona Landrova wakatawanyika hadi masufuria yakabaki yanachemka peke yake. Askari wakapekua. Godoro, pipa la mahindi, picha ya marehemu ukutani wakaigeuza. Hamna kitu.

Halafu yule koplo akasimama penye kaburi. Udongo mbichi, hata maua hayajakauka. Akasema bunduki hufichwa mahali kama hapa. Akaomba jembe.

Watu waliokuwa wamejificha wakatokea wote. Mama Dorca, dada mkubwa wa marehemu, mtu wa miaka sabini na kitu, akatembea na mkongojo wake, akakaa juu ya kaburi. Akanyoosha miguu kama yuko kwenye mkeka wake. Akamwambia koplo kwa Kiswahili chake: "Wewe chimba. Anzia mimi."

Koplo akamtazama Luteni. Luteni akanitazama mimi. Mimi nikatazama kofia yangu.

Ndipo Mama Dorca akaniona. Akaniambia kwa Kijaluo, taratibu tu, mbele ya watu: Badru, si wewe uliyemwandikia huyu mtoto pasi Ijumaa? Seline alitueleza, tukakuombea hapa hapa uwanjani. Kwa nini hawa hawajui?

Luteni akaniuliza, anasemaje?

Nimezaliwa Kaloleni, Kijaluo nakijua kuliko Kiarabu ninachoswalia. Kila neno nililisikia.

Nikasema: "Anasema tumwogope Mungu, Afande."

Luteni akawaambia askari warudi garini, kaburi lisiguswe. Ni mtu mwema, nadhani. Njiani akaniambia bibi yake naye alikuwa hivyo hivyo, mkali. Nikacheka naye. Nilicheka!

Alhamisi, 5 Agosti 1982

Leo zamu ya seli. Mahabusu tisa, wezi wangu wa kawaida, na Oduor. Wezi wamempa nafasi ya karibu na mlango, kwenye hewa. Hata wao.

Nikampa chai. Akainywa. Shavu limevimba, alihojiwa jana na wale wa jeshi, kwenye stoo yetu ya baiskeli. Sisi polisi tuliambiwa tusikaribie. Tukatii. Ouma alifungulia redio kwa sauti.

Nikajiandaa kwa matusi. Oduor akaniambia kwa sauti ya chini: "Mzee, najua unangoja wakati mzuri. Usijali, mimi sijawatajia jina lako. Nimesema sijui nani aligonga muhuri, nisije nikakuharibia mpango."

Mpango!

Anadhani nina mpango. Anapigwa, na ananificha mimi, kwa sababu anadhani nina mpango.

Lori la Nairobi linakuja Jumapili. Wote waliokamatwa ukanda huu watapelekwa mahakama ya jeshi. Luteni amesema wenye pasi za uongo watakuwa wa kwanza kusikilizwa.

Ijumaa, 6 Agosti 1982

Nilienda swala. Nilisimama safu ya nyuma, karibu na viatu. Sikusikia khutba hata neno.

Nikamwambia Habiba kila kitu, barazani, kabla sijarudi kazini. Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua. Nikamwambia inaweza kuwa kunyimwa kiinua mgongo, inaweza kuwa jela, inaweza kuwa zaidi ya jela siku hizi. Akauliza swali moja tu: mama yake huyo Oduor ndiye yule aliyekuwa akikuuzia mayai pale kituoni? Nikasema ndiye. Akasema alikuwa anakupunja, yule mama. Akaingia ndani. Akatoka na sare yangu nyingine, ile iliyopigwa pasi.

Nikarudi kituoni. Saa nane na dakika tano nikafungua kitabu cha OB. Mstari ule umefungwa kwa nyekundu, kwa hiyo nikaandika ya leo. Namba 9. Nimeandika hivi, nakumbuka kila neno:

"Mimi Sajini Badru Abdulrahman naripoti juu yangu mwenyewe. Tarehe 30.7.82 saa sita kasoro, Oduor wa Jeshi la Wanahewa aliripoti mbele yangu. Nilimgongea muhuri na kumwandikia namba 11. Habari sikuijaza na ujumbe wa redio sikutuma, kwa sababu ya uzembe wangu. Sahihi iliyo kwenye pasi ni yangu. Tarehe 2 nilipoulizwa nilijibu nusu."

Nikasoma tena. Mwandiko ulikuwa mbaya sana! Wa kwanza mbaya maisha yangu yote.

Ouma alikuwa anasoma juu ya bega langu. Hakufanya utani. Akasema, Sajini, omera, funga kitabu, hakuna aliyeona. Nikamwambia wewe umeona. Akatoka nje akasimama kwenye jua bila kofia.

Jumamosi, 7 Agosti 1982

Inspekta aliisoma namba 9 yangu saa mbili asubuhi. Alipofika kwenye neno uzembe akakaa chini. Sikuwa na hofu naye, nilimhurumia. Ana watoto wadogo.

Akasema jambo hili ni la polisi, litabaki la polisi. Mashtaka ya nidhamu ataandika yeye, kimya kimya. Kitabu asionyeshwe mtu wa jeshi. Nikamkumbusha kwamba barua yao inasema vitabu vyetu na vyao ni kitu kimoja sasa. Akasema, Sajini, usinifundishe barua. Akakifungia kitabu kwenye kabati lake na ufunguo akauweka mfukoni. Miaka ishirini na sita sijawahi kuona kitabu cha OB kikifungiwa. Watu walikuja kuripoti, Ouma akawa anaandika kwenye karatasi.

Saa tano Luteni akauliza kitabu kiko wapi. Inspekta akasema kimejaa, kinabadilishwa. Luteni akaniangalia mimi. Sijui uso wangu ulikuwaje. Habiba husema uso wangu ni dirisha lisilo na pazia.

Nikasema: "Kiko kabatini, Afande. Namba tisa ya jana ni yangu."

Inspekta akatoa ufunguo bila kuambiwa.

Luteni aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena. Akaomba pasi ya Oduor, akalinganisha sahihi, akaniambia nitie sahihi nyingine pembeni, nikatia. Zote tatu hazisomeki kwa namna moja.

"Yule bibi kaburini," akaniuliza, "alisema nini kweli?"

Nikamwambia. Nikamtafsiria lote safari hii, neno kwa neno.

Akafunga kitabu polepole. Akasema Oduor hatapanda lori kesho mpaka Kapteni, mkuu wao hapa, anisikilize mwenyewe kule kambi yao ya muda Mamboleo. Nikamuuliza niende kama nani, Afande? Akasema nije na sare safi.

Seline alikuwa nje na sufuria. Nilimpita. Sikuweza kumwambia kitu kwa sababu sina kitu bado. Aliniita, nikajifanya sikusikia. Mara ya ngapi hii.

Jumapili, 8 Agosti 1982

Mamboleo. Niko kwenye benchi getini, ndani ya kambi yao. Hema nyingi, seng'enge mpya. Naandika kwa penseli kwenye kitabu hiki kidogo, hakuna aliyenikataza. Wananiona mzee mnene anaandika, wanadhani ni madeni ya duka.

Inspekta alinileta hadi hapa kwa gari la kituo. Hakuzima injini. Alinipa mkono, jambo ambalo hajawahi kufanya, akasema ni ushirikiano tu, Sajini, watakuuliza maswali mawili matatu urudi. Hakusema atanisubiri. Ameshaondoka.

Habiba alinifungia chapati. Tano. Nikamwambia naenda asubuhi, mchana nimerudi. Akasema chukua tu.

Lori liko pale, nyuma limefunikwa turubai. Watu wameshapandishwa, naona miguu bila viatu. Oduor simwoni. Hilo ni jema au baya? Koplo yule yule wa kaburini anazunguka lori na orodha. Ameniona. Hakunisalimu wala hakunitukana.

Hema la Kapteni ni la tatu. Luteni Nakhungu aliingia saa nzima iliyopita na kitabu chetu cha OB kwapani. Nasikia sauti, ya Kapteni zaidi. Mara moja nimesikia "Ijumaa." Mara moja nimesikia "polisi hawa." Sauti ya Luteni haibadiliki, anaongea tu, polepole.

Nimepanga maneno. Nitasema: Afande, kosa ni langu, mtu alikuwa matangani. Basi. Nikiongeza nitaharibu, najijua.

Sasa hivi ametoka karani na daftari, kijana nadhifu. Ameniita. Nimesimama kaunta yao, ambayo ni ubao juu ya mapipa mawili. Jina? Nikampa. Namba ya kazi? Nikampa. Cheo, kituo, anapoishi. Mwandiko wake mzuri, nikamsifu, akatabasamu.

Kisha akaniuliza jina la baba, na tarafa niliyozaliwa.

Nimejibu. Ameniambia nirudi nikae. Miaka ishirini na sita nimekaa kaunta, nimeandika wageni, mashahidi, walalamikaji, waliopotelewa na mbuzi. Shahidi sijawahi kumuuliza jina la baba yake; hilo huulizwa anayeshtakiwa.

Labda jeshi huuliza kila mtu. Turubai la lori linafunguliwa, kuna mtu anashushwa. Sijaona bado kama kichwa kimenyolewa —